Ukuta Uliovalishwa Suti

Walisema sitaweza kutundika hata kofia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Lodwar, mfanyabiashara aliyehamia huku kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, aliishika diploma yangu kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma kama mtu anayetafuta bei, kisha akacheka mpaka akajishikilia kwenye kaunta.

"Kijana, wewe ni wa hapa hapa," aliniambia. "Kwenu ukuta ni majani. Mkipiga msumari huku, unatokea kwa jirani. Sasa wewe utamtundikia nani kitu?"

Wateja wakacheka naye. Mjomba wangu, niliyetarajia anitetee, naye akaongeza lake: "Muda wote ule ukiwa Kenya tulidhani unasomea udaktari. Kumbe misumari!"

Kwetu, rafiki yangu, mtu akipanda gari kwenda Kitale au Eldoret tunasema amekwenda Kenya, kana kwamba Turkana ni nchi nyingine. Mimi nilikwenda Kenya. Nilisoma ujenzi, nikabeba zege mchana na vitabu jioni, nikatundika makabati, mashine na matangi kwenye kuta za watu ambao hata salamu yetu hawaijui. Nikarudi na diploma yangu na viatu vya ngozi. Wengine wakirudi hivyo huanza kwa kusema hawajivuni. Mimi najivuna, na ukinisikiliza mpaka mwisho utaniruhusu.

Kicheko kilikuwa bado kinazunguka dukani pale mwanamke mmoja mrefu, aliyejifunga kitenge, aliposogea mbele. Alikuwa kiongozi wa kwaya katika kanisa moja kambini Kakuma, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na alikuwa amefunga safari hadi Lodwar kutafuta bolti kubwa kuliko zote. Msalaba wa kanisa lao ulikuwa umeanguka. Ulikuwa wa chuma, mzito kuliko mtu mzima, nao uling'oka ukutani siku ya kazi, mabenchi yakiwa matupu. Tangu hapo mwenyekiti wa kanisa alikuwa amekataza mtu yeyote kusimama mbele. Kwaya iliimbia mlangoni, juani. Na mwenyekiti alikuwa ametamka kwamba jaribio limebaki moja tu. Likishindikana, msalaba utauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Ule si chuma," mama wa kwaya alisema. "Ule ni gari letu."

Akatueleza. Walipovuka mpaka pale Nadapal wakikimbia vita, lori moja kuukuu liliwapakia na kuwaleta Kakuma. Miaka ikapita, lori likafia huko huko kambini, likawa nyumba ya kuku. Vijana wa kanisa wakazikata springi zake na fremu yake, wakazichomelea msalaba. Karibu kila aliyekuwa kwenye kwaya alipanda lori lile, au alizaliwa na mtu aliyelipanda. Wapo waliopanda lakini hawakufika.

Alinitazama kuanzia kwenye viatu hadi usoni. "Wewe umesomea hii kazi?"

"Nimesoma, mama."

"Utaweza?"

"Nitaweza."

Mwenye duka akaguna. "Ukiuangusha mara ya pili, hapa usirudi kununua hata kitasa. Nenda kule porini Namoruputh ukachunge mbuzi."

Ndivyo nilivyorudi Kakuma, mahali nilipokulia na ambako nilikuwa sijakanyaga tangu niondoke kwenda kusoma.

Kanisa lilipendeza. Kuta nyeupe, zimelainishwa kwa saruji, na juu ya saruji mistari iliyonyooka ya ulalo na ya wima kama ya mawe yaliyopangwa na fundi hodari. Mbele, juu ya vichwa vya watu, kulikuwa na matundu mapana pale msalaba ulipong'oka. Chini yake chuma kile kilikuwa kimelala sakafuni kama ng'ombe aliyekataa kuamka.

Sikutoa chombo chochote. Niliweka kiganja ukutani, kisha nikagonga kwa kifundo cha kidole.

"Hiyo ni bloki, kijana," alisema mwenyekiti, mzee mnene, mtumishi mstaafu wa serikali aliyetoka Machakos. "Huoni mistari?"

Nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Sauti iliyotoka ukutani niliijua. Nilikuwa nimekua nayo.

Lakini ili unielewe, inabidi nikurudishe nyuma kabla ya Kakuma, mpaka kwenye nyumba ya nyanya yangu pembezoni mwa Lodwar, kwenye mikoma, ile mitende ya jangwani, iliyo kando ya mto Turkwel. Mwenye duka alisema kweli, kwetu ukuta ulikuwa majani. Alichokosa kujua ni nani aliyeujenga. Kwa Waturkana nyumba ni kazi ya wanawake, na nyanya yangu ndiye aliyeitwa kila ilipotakiwa nyumba ya kustahimili upepo wa huko kwetu. Mimi, mjukuu aliyemng'ang'ania, nilimfuata nikiburuta makuti. Wavulana wenzangu waliokuwa wakipeleka mbuzi mtoni walinisalimu kwa mbali, "Ejok, mama! Leo unajenga ngapi?" Nami niliwarushia kokwa za koma, na wao wakanirudishia.

Bado nakumbuka harufu ya ndani ya ile nyumba: moshi, ngozi, na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Jua lilipenya kwenye majani na kunyunyiza vitone vya mwanga mgongoni mwa nyanya alipokuwa akikoroga. Upepo ulipita ndani ukitoa sauti ya mtu anayepepeta nafaka. Tulitafuna koma mpaka meno yakawa ya manjano, na nyanya akatusema kwamba tunafanana na mamba wa ziwani.

Ndani ya nyumba ile kila kitu kilining'inia. Chini palikuwa pa siafu, watoto wa mbuzi na mbwa mwenye tamaa. Vibuyu vilining'inia, chombo cha ngozi cha kuwekea mafuta kilining'inia, hata samaki wakavu ambao mjomba aliwaleta kutoka Kerio walining'inia wakiutazama mlango wetu kwa macho makavu. Na hakuna kilichoanguka. Nyanya hakufunga kitu kwenye makuti hata siku moja. Alipapasa kwenye majani mpaka mkono ukakuta mti, akapapasa tena mpaka akapata mti wa pili, akapitisha ukanda wa ngozi kwenye yote miwili. "Majani ni nguo," alikuwa akisema. "Tafuta mfupa." Kisha, kabla hajaamini, alishika ukanda kwa mikono miwili na kuinua miguu yake yote kutoka ardhini. Mwanamke mzima, shanga zikigongana shingoni, ananing'inia kama mtoto mtini. Ukanda ukimbeba yeye, ndipo ungekabidhiwa maziwa.

Nilidhani nyanya wote duniani hufanya hivyo.

Nilipofikia umri wa kwenda shule, mama alinichukua tukahamia Kakuma, akauze kuni na makaa kwa wakimbizi. Tulipanga chumba cha matofali ya udongo nyuma ya maduka. Ukuta wa kwanza maishani mwangu! Niliuegemea mchana kutwa kwa ajili ya ubaridi wake, na mama akalalamika kwamba shati langu limegeuka rangi ya ardhi. Asubuhi kulikuwa na sauti ya jenereta za maduka, muezini wa Wasomali, kisha kwaya ya mahali fulani, kisha mama zetu wakigombea foleni ya maji kwa lugha tano. Saa sita mabati ya nyumba zote yalianza kulia yenyewe kwa joto, ta, ta, ta, kama mtu anayealisha vidole. Nilikula kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, kwa Wasudani na maharagwe kwa Wakongomani, nikapewa chai ya iliki kwa Wasomali, na nyumbani mama akashangaa kwa nini sili.

Jirani yetu alikuwa Mkongomani, fundi wa matofali. Alichimba shimo, akamwaga maji, nasi watoto tukaingia kukanyaga tope kwa kuimba, mpaka miguu ikawa mizito kama ya tembo. Tofali lililokauka vizuri alilipigapiga kwa kifundo cha kidole na kulisikiliza, kichwa kimeinama.

"Gonga na mufupa, mwana," alinifundisha. "Usigonge na nyama. Nyama haisikie kitu."

Kwake tulianzisha mchezo. Mmoja wetu alifungwa kitambaa machoni, akazungushwa mpaka apotee, kisha akapelekwa kugonga kuta za mtaa na kutaja ni za nini. Mbao hucheka. Bloki yenye uwazi ndani hujibu kwa sauti ya mtungi, na ukisogeza mkono hadi kwenye kiungo chake, sauti inazibika. Zege halijibu, linakuumiza tu. Tope huguna, kama mtu uliyemwamsha kutoka usingizi wa mchana. Bingwa nilikuwa mimi. Niliweza kutaja mpaka nyumba ya nani, na siku moja nilitaja kwamba nyuma ya ukuta fulani kuna kabati lililosukumwa pale, nikapelekwa ndani, likakutwa. Watoto wa mtaa walinibeba mabegani.

Kisha saruji ikaanza kupatikana, na ndipo ilipozuka desturi ambayo sijaiona pengine. Aliyepata mfuko mmoja wa saruji hakujengea. Aliipaka juu ya tope, nyembamba kama siagi ya maskini, na kabla haijakauka alichukua ubao na msumari, akachora mistari ya mawe. Nyumba ya tope ikawa nyumba ya mawe mchana mmoja. Tuliita kuivalisha nyumba suti. Harusi ikikaribia, suti. Mgeni akitarajiwa kutoka ughaibuni, suti. Watu walipita na kuisifu kwa unyoofu wa mistari, mwenye nyumba akatabasamu, na hakuna aliyemuuliza ndani kuna nini, kwa sababu kila mtu alijua. Hilo ndilo jambo. Wakati ule kila mtu alijua.

Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyetoka Kakamega, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za vumbi. Alitaka kutundika ramani ya dunia iliyokuwa kwenye fremu nzito ya mbao. Alipiga msumari, ukapinda. Akapiga mwingine, ukaruka na kupotelea kwenye mabenchi. Darasa zima likawa na sherehe. Nikanyoosha mkono, nikamwambia pale anapopiga ni nguzo ya zege, lakini pembeni kidogo ni bloki, na kwenye kiungo cha bloki msumari utaingia ukiimba. Aliniita mbele. Niligonga, nikaweka kidole, akapiga. Msumari ukaingia. Dunia ikatundikwa, Turkana ikiwa juu ya kichwa cha mwalimu.

"Wewe," akaniambia mbele ya wote, "usije ukasomea kitu kingine."

Sikusomea kitu kingine.

Sasa turudi kanisani, kidole changu bado kiko ukutani na ukuta umeshaguna.

"Mzee," nilimwambia mwenyekiti, "huu ni tope."

"Tope!" Aliwageukia vijana wa kwaya waliokuwa wameketi madirishani. "Mmesikia? Mimi nimesali hapa miaka yote hii, naambiwa nasali kwenye tope."

Kijana mmoja mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma akacheka. "Huyu ni kama yule fundi wa kwanza, manze. Itaanguka tena, tunza tu kichwa."

Niliomba ruhusa ya kutoboa tundu dogo nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana. Lakini sikuwa na drili. Nilikuja na diploma, pensili na majivuno. Nikatoka kwenda kuazima. Muuza vyuma Msomali wa pale sokoni alikuwa nayo, kubwa, ya kutoboa ukuta mzima. "Waryaa, ukiichoma hii utanioa na kunilisha maisha yako yote," alisema, akanikabidhi pamoja na waya na jenereta ndogo. Mama Mwethiopia mwenye hoteli, aliyeniuzia mandazi nilipokuwa darasa la pili, akanipa ngazi yake ndefu ya kupakia rangi. "Umekuwa mkubwa lakini miguu ni ile ile myembamba," akaniambia. Na yule jirani yetu wa matofali, nilimkuta bado yupo, ameinama, mvi zimemjaa, lakini mkono ni ule ule. Alinitolea pima maji yake, ile ya kuonyesha kama kitu kimelala sawa, akaifuta kwa shati kabla ya kunipa.

"Mutoto wa mama makaa," alisema. "Leo unakuya na viatu ya ngozi."

Nilirudi, nikaweka drili nyuma ya mlango. Vumbi la kwanza lilikuwa la kijivu, unene wa ukucha. Kisha likageuka. Likamwagika jekundu, laini, kama unga wa mtama, likarundikana kwenye ncha ya kiatu cha mwenyekiti, na kanisa lote likanuka kama ardhi iliyotoka kunyeshewa. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliinama, akachukua vumbi, akalisugua kati ya vidole.

"Basi," alisema polepole, "hata bolti kubwa kuliko zote haitasaidia."

"Ingefanya mabaya zaidi," nilimjibu, na hapo nikafundisha, kwa maana mtu aliyesoma anafundisha. Bolti ile ya kutanuka huishi kwa ugomvi. Unaikaza, inatanuka tundu likiwa limeibana. Jiwe linaisukuma, nayo inalisukuma jiwe, na katika kusukumana huko hakuna anayetoka. Tope halisukumi. Tope linaachia tu, linasagika, kila ukikaza tundu linazidi kuwa pana, na mzigo unabaki umeshikwa na rangi ya ukutani. Fundi wa kwanza alitazama mistari akaamini suti. Alitoka mbali, hakukulia mtaani kwetu.

"Kwa hiyo haiwezekani," alisema mama wa kwaya. Alikuwa amesimama mlangoni, mahali kwaya yake ilipokuwa ikiimbia, wala hakuwa ameingia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kupewa habari mbaya.

"Mama, ukuta hautaubeba. Lakini nani amesema ubebwe na ukuta?"

Nilichofanya nakieleza kwa ufupi, ingawa ningeweza kukieleza mpaka kesho. Sakafu ya kanisa ilikuwa ya mawe na saruji ya kweli. Juu, mbao kubwa za paa zilikuwa nzima. Nilisimamisha nguzo mbili za mbao ngumu kutoka sakafuni mpaka kwenye mbao za paa, zimebanana na ukuta, na kati yake nikapitisha mihimili. Uzito wote wa msalaba ungeshuka kwenye nguzo mpaka chini. Ukuta niliubakishia kazi moja nyepesi, ya kuzizuia nguzo zisiiname mbele. Nilitoboa ukuta mzima mpaka nje, nikapitisha vyuma virefu vyenye nyuzi kama za skrubu, na upande wa nje nikaweka mabamba mapana ya chuma kabla ya kukaza nati, ili tope libanwe kwa kiganja na si kwa kidole. Yale mabamba tuliyakata kwenye bodi la lori lile lile. Hilo lilikuwa wazo la mama wa kwaya, nami namwachia sifa yake.

Pima maji ya jirani iliniambia nguzo zimesimama. Sikuhitaji kuambiwa, lakini nilifurahi kuona kile kiputo kidogo cha hewa kikitulia katikati mbele ya macho ya mwenyekiti.

Kuupandisha msalaba ilitaka vijana wote, kamba, na kelele za lugha zote za Kakuma. "Vuta! Yalla, vuta! Polepole mguu wangu!" Ulipofika juu nikazifunga bolti zake moja moja kwenye mihimili, nikashuka, nikaondoa ngazi. Ukawa umekaa. Mweusi, mpana, springi zake zimejipinda kidogo kwenye ncha kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni.

Hakuna aliyesogea mbele. Yule kijana wa kofia ya nyuma alikuwa amejiegemeza kwenye ukuta wa mbali kabisa.

"Tutajuaje?" mwenyekiti aliuliza. "Mara ya kwanza pia ulikaa. Ulikaa wiki nzima, kisha..."

Nilivua viatu vyangu vya ngozi. Nikaweka benchi chini ya msalaba, nikapanda, nikashika mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili, na nikalisukuma benchi kwa mguu. Lilianguka kwa kishindo, mama mmoja akapiga kelele. Mimi nikabaki hewani. Nilisikia uzito wangu ukipita kwenye chuma, ukashuka kwenye mbao, ukafika sakafuni, na ukuta nyuma yangu haukuguna hata kidogo.

"Wewe mwenye kofia," niliita kutoka juu. "Njoo mkono wa kushoto."

"Mimi? Zii, buda."

"Njoo! Au kelele zilikuwa za madirishani tu?"

Wenzake wakamsukuma. Akaja, akaruka, akashika, akafumba macho. Akafumbua moja. Kisha akaanza kucheka, miguu ikipiga hewa, na vijana wengine wakakimbilia kutaka zamu.

Ndipo mama wa kwaya aliponyoosha kidole kwa mwenyekiti. "Na wewe, mzee."

"Mama, mimi nina presha."

"Sisi tumesimama juani kwa sababu yako. Ning'inia."

Watu walimwinua, wawili kila upande, wakimheshimu na kumcheka kwa pamoja. Mzee yule mnene alishika chuma, wakamwachia, akabaki ananing'inia, tai yake imegeukia begani. Ukiacha lile benchi, kilichoanguka siku ile kanisani ni kiatu cha mwenyekiti peke yake.

Vigelegele, rafiki yangu! Sijawahi kusikia vigelegele kama vile, na nimehudhuria harusi. Mama wa kwaya hakupiga vigelegele. Aliingia, akatembea katikati ya mabenchi, akaja mpaka chini kabisa ya msalaba, akageuka na kutazama mlango ambao alikuwa akiimbia nje yake. Akawaita wenzake kwa lugha yao. Wakaja, wakajipanga pale pale palipokatazwa, akina mama mbele, watoto kati, na wakaimba bila ngoma, bila kitabu. Mwenyekiti aliketi benchi la kwanza, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi, akilia waziwazi. Mimi nilisimama kando nikiwa peku, na ukiniuliza kama nililia, nitakuambia vumbi la tope huingia sana machoni.

Habari zilifika Lodwar kabla yangu. Nasikia mjomba alikuwa akisema kwamba siku zote alijua. Siku hizi anawaambia watu kwamba kazi yangu ni udaktari wa kuta, nami simsahihishi.

Lakini kabla sijaondoka Kakuma nilikuwa na kazi moja iliyobaki. Sikuwa tayari kurudisha vyombo vya watu kwa asante tupu. Siku iliyofuata nilibeba drili mpaka kwa muuza vyuma, nikamuuliza anataka nini kitundikwe. Alinionyesha rafu zake zilizokuwa zimelala chini kwa kuwa duka ni la mabati. Nilimwekea mbao zinazopita kutoka mti hadi mti wa fremu, mabati yakabaki ya kuzuia upepo tu, rafu zikapanda na kubeba minyororo na makufuli. Alizitikisa, akasema, "Sasa nakuozesha mimi mwenyewe." Kwa mama wa hoteli, ngazi begani, nilikuta televisheni kubwa imeegemezwa kwenye magunia ya vitunguu. Ukuta wake wa ndani ulikuwa wa jipsam, mweupe, mwembamba, ambao ukiupiga skrubu ya kawaida inatoka na kipande chake. Nilitafuta mbao zilizofichwa nyuma nikazipata mbili, na pale ambapo hapakuwa na ubao nilitumia bolti zenye mabawa, zile zinazojikunja kupita kwenye tundu na kujifungua upande wa pili kama popo. Televisheni ikakaa. Wateja wakahamisha viti kabla sijashuka, na mama akanilazimisha kula sahani mbili.

Nilifika kwa jirani wa matofali mwishoni, alasiri, pima maji mkononi. Safari hii nilipata muda wa kuutazama mtaa wetu, nao sikuutambua. Chumba tulichopanga na mama hakipo. Mvua za mwaka fulani zilikiyeyusha, kikarudi kuwa ardhi, na mtu amepanda mchicha pale nilipolala. Shimo letu la kukanyagia tope limefukiwa. Watoto wa sasa hawafungani vitambaa machoni, na kuta nyingi mpya ni bloki za kweli, hazina la kuficha. Hata nyumba ya nyanya kule Lodwar imekuwa duka la simu lenye vioo, na mikoma imebaki michache. Nyanya mwenyewe alitutoka nikiwa Kenya, kabla sijamwonyesha diploma.

"Nikutundikie nini, mzee?" nilimuuliza jirani.

Alitikisa kichwa. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishwa. Baada ya miaka yote ile ya kusubiri alikuwa anapelekwa nchi ya baridi, kwa binti yake, na ndege yake ilikuwa karibu.

"Sitaki kutundika, mwana. Nataka kushusha."

Ukutani mwake kulikuwa na kioo kikubwa cha fremu ya chuma, cha marehemu mkewe. Alikuwa amekitundika mwenyewe, kwa mabamba mapana upande wa nje, kazi safi kabisa. Familia nyingine ingehamia pale, alisema, watu wageni waliofika juzi, na hakutaka kuwaachia ukuta wenye matundu. Tulikishusha pamoja taratibu, yeye akishika chini, mimi juu, uso wake na wangu ukishuka ndani ya kioo mpaka kikaegemea kitanda.

Nilikwenda nje nikachanganya tope kwenye beseni, kwa mikono, kama alivyonifundisha, na majani makavu kidogo ili lisipasuke. Nikajaza matundu moja moja, nikasukuma kwa kidole gumba mpaka lisiingie tena, nikalainisha kwa kiganja kilicholowa. Yeye aliweka pima maji kando, akasogea, akagonga kwa kifundo cha kidole pale palipokuwa na tundu. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Ukuta uliguna sawasawa, wote, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Ni kama hapa hapakuwa na kitu," alisema kwa kuridhika.

Nilinawa mikono, nikavaa viatu vyangu, nikarudi Lodwar sina chombo cha mtu, wala skrubu ya mtu, na nilitembea mjini kifua mbele.